Moto Uliokaribia Madina

Alhamdulillahi Rabbil-aalamin. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani:

Usiku huu tuuzingatie moto ulio chini ya miguu yetu. Mwenyezi Mungu ameziumba sayari za mawe, na matumboni mwake ameweka joto linaloyeyusha miamba. Katika Mirihi joto hilo liliinua Olympus Mons, volkano yenye kimo cha kilomita 22 hivi, karibu mara nne ya Kilimanjaro. Lakini Mirihi ni ndogo. Joto lake limefifia, na hewa yake leo ni haba mno. Zuhura nayo imejaa volkano, imefunikwa na hewa nzito ya kaboni, na uso wake una joto la nyuzi 460 hivi, litoshalo kuyeyusha madini ya risasi. Ardhi yetu iko baina ya hizo mbili: volkano huitoa hewa hiyo, mvua na miamba huirudisha chini. Hiyo ndiyo mizani.

Moto huo uliwahi kuikaribia Madina. Mwezi wa Jumada al-Akhira, mwaka 654 Hijria, yaani 1256 Miladia, ardhi ilitetemeka siku kadhaa, kisha ikapasuka katika Harrat Rahat, kusini-mashariki ya mji. Mawe yaliyoyeyuka yalitiririka kiasi cha kilomita 23. Watu walikusanyika katika Msikiti wa Mtume wakitubu. Barua za wakati huo, alizozihifadhi mwanahistoria Abu Shama, zasimulia kuwa kadhi alimwendea amiri wa mji akamnasihi. Naye amiri akawaacha huru watumwa wake, akawarudishia watu mali zao.

Tuitazame toba hiyo. Haikuishia machozini, ilirudisha haki. Je, ni wangapi kati yetu tulio ughaibuni tumeshikilia fungu la urithi la dada zetu huko nyumbani, au deni la aliyetulipia nauli ya kuja huku? Twafunga, twasimama usiku, na mali ya mtu ingali mikononi mwetu. Aliyeweka mizani katika miamba ametuamrisha mizani katika mali.

Amiri alirudisha alipouona moto. Sisi turudishe kabla ya kuuona, na kabla mwezi wa Idi haujaandama.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu, utusahilishie kutimiza haki za waja wako. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.