Akiba ya Mnyonge



Sheria iliyounda Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Uganda, yaani NSSF, mwaka 1985, ilimbana mwajiri mwenye wafanyakazi watano au zaidi. Fundi cherehani aliyeajiriwa mjini Arua pamoja na wenzake wawili hakuhesabiwa. Wala hakuhesabiwa mpishi wa mkahawa mdogo wa Koboko, awalishaye madereva wa malori yaendayo Sudan Kusini. Nguvu zilipokwisha, walirudi nyumbani mikono mitupu.

Mwezi Januari 2022 sheria hiyo ilirekebishwa. Sasa kila mwajiri, hata mwenye mtumishi mmoja, hana budi kuchangia asilimia 10 ya mshahara, na mfanyakazi asilimia 5. Aliyejiajiri naye aweza kuweka akiba kwa hiari, kwa simu yake ya mkononi.

Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, mitambo ya kisasa huonyesha michango ya walioandikishwa tu. Haiwezi kulifichua jina ambalo mwajiri hakuliandika. Kazi hiyo ni ya ofisa wa kazi wa wilaya, naye hawezi kuifanya akikosa usafiri wa kuyafikia maduka na karakana.

Kwa hiyo wilaya zimwezeshe ofisa huyo, mwajiri atimize wajibu wake, na mfanyakazi aulize bila hofu: je, jina langu limeandikwa?

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini sharti kwanza iwekwe.