Risasi Haijui Mpaka

Hotuba kwa wajumbe wa jamii za mipakani, Old Kampala



Kilima hiki kina historia ya uwindaji na ya vita pia. Hapa palikuwa malisho ya swala wa Kabaka, na kutokana na swala hao mji ukapata jina lake. Mwezi Desemba 1890 Kapteni Lugard akajenga ngome yake juu ya kilima hiki hiki. Lakini bunduki ya kuwindia na bunduki ya vita si kitu kimoja. Tunalisema hili kwa sababu tumeisikia mara nyingi hoja hii: wanyama wanamaliza mihogo yetu, basi bunduki iliyopita njia za panya ingetufaa.

Kisheria jibu ni fupi. Sheria ya Silaha ya 1970 inamkataza mtu kumiliki bunduki bila kibali. Hata hivyo, tungependa mshawishike kwa hoja, wala si kwa hofu peke yake.

Mwindaji stadi humtazama mnyama kwanza, kisha akachagua risasi. Mzungu W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia sana bunduki ya milimita 7, nyembamba mno kwa mnyama mkubwa kama huyo. Alichagua risasi ngumu, isiyopanuka, ili ipenye mfupa hadi kwenye ubongo. Na alikuwa amelichunguza fuvu la tembo akalijua vyema. Mwenye kuuchukua mtutu wake bila elimu yake angejeruhi tu.

Kwa swala au nguruwe pori, mwindaji huchagua risasi ya ncha laini, ambayo hupanuka mwilini na kumwua mnyama upesi. Risasi za namna hiyo zilikatazwa vitani na Azimio la The Hague la 1899, kwa ukali wa majeraha yake. Kwa hiyo risasi ya kijeshi hufunikwa kwa metali ngumu, nayo mara nyingi humpenya mnyama ikatokea upande wa pili. Nguruwe hukimbia na jeraha lake. Nyati hujificha kichakani, na kesho yake anayekutana naye ni mama aliyekwenda kutafuta kuni.

Nayo risasi huendelea na safari. Hata ile ndogo ya milimita 5.6, ya kuwindia sungura, huweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Ya kijeshi hufika mbali zaidi. Ng'ambo ya shamba lako kuna nyumba za watu, pengine za shemeji zako. Risasi haijui mpaka, lakini wafiwa watajua ilikotoka.

Basi tufanye nini? Nyani, tumbili na nguruwe pori wanahesabiwa kuwa wanyama waharibifu, na kuwadhibiti ni jukumu la serikali za wilaya. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji mapema, apeleke taarifa wilayani. Kwa tembo na nyati, iiteni Mamlaka ya Wanyamapori. Andikeni tarehe, pigeni picha, msifute nyayo: Sheria ya Wanyamapori ya 2019 imeweka utaratibu wa fidia kwa kifo, jeraha na uharibifu wa mali, na dai lisilo na ushahidi ni gumu kulitetea. Mitaro, mizinga ya nyuki na ua wa pilipili navyo husaidia.

Tunajua kwamba msaada hukawia wakati mwingine, na mkulima aliyekesha shambani ana haki ya kulalamika. Leteni lalamiko hilo kwetu, tulifuatilie pamoja. Na aliye na silaha isiyo na kibali, azungumze na wazee wake, waje naye kituoni. Mihogo iliyoliwa hupandwa tena. Mtoto aliyepigwa risasi harudi.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.