Jina ni Zawadi ya Kwanza ya Mtoto
(Mazungumzo na wanakamati wa parokia pamoja na wafadhili)



Leo hatukuja na taarifa ya visima wala ya madarasa. Tunaomba tuzungumzie jambo ambalo halina gharama kulitoa, lakini likiandikwa ovyo humgharimu mtoto: jina lake.

Wazee wetu hawakutoa jina bila sababu. Mwaka 1922 huko Butiama, Wazanaki walimpa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua jina la Kambarage, ambalo ni la mzimu wa mvua; jina la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Wajaluo nao humwita Okoth au Akoth mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, pacha anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto. Wakikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Hata mbali na hapa, Waakan wa Ghana humwita Kofi mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa, kama sisi tunavyomwita Juma.

Yapo pia majina yenye machozi: Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko. Jambo hili si geni hata katika Biblia. Raheli alipokuwa akikata roho alimwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu. Yakobo akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume.

Hapa tunapaswa kukiri kosa letu. Binti mmoja wa parokia yetu alipoomba mkopo wa masomo ya juu alitakiwa kupeleka cheti cha kuzaliwa, naye hakuwa nacho. Kadi ya kliniki ilimwita Shida. Daftari letu la ubatizo lilikuwa na jina la mtakatifu tu, kwa sababu tulimwambia mama yake kwamba Shida si jina la Kikristo. Shuleni aliandikwa kwa jina la bibi yake. Karatasi tatu, watoto watatu! Ilibidi aape kiapo cha majina na kusafiri mara tatu hadi wilayani, na mama yake akauza mbuzi ili apate nauli.

Tulimwuliza kama angependa kuliacha jina la Shida. Alikataa. Alisema mama yake alimzaa wakati wa njaa, na wote wawili wakapona. Jina hilo ni ushuhuda wao. Sisi tulisikia huzuni tu, hatukuuliza habari yenyewe.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko aongeze jina la mtakatifu pale wazazi wasipotoa jina la Kikristo. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 855, haidai hivyo. Inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo kinyume na moyo wa Kikristo. Nayo Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inatamka kwamba kila mtoto ana haki ya kuwa na jina.

Hivyo basi tunaziomba kamati zetu mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuandika, tuwaulize wazazi maana ya jina. Pili, majina yote ya mtoto yaandikwe katika daftari la ubatizo kwa herufi zilezile zilizo katika cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Tatu, tuwahimize wazazi kuwasajili watoto mapema. Mpango ulioanza Mbeya mwaka 2013 umewezesha watoto walio chini ya miaka mitano kupata vyeti bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata.

Kwenu wafadhili, mchango wa nauli ya mama mmoja waweza kuonekana mdogo mbele ya kisima. Lakini darasa mlilolijenga halitamfaa mtoto ambaye karatasi zake zinasema yeye ni mtu mwingine.

Yule binti sasa ana cheti chake, na jina la kwanza kabisa juu yake ni Shida. Mungu awabariki.