Maji ya Mifereji na Sumu ya Risasi
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lamu



Nasimama mbele yenu kwa ruhusa ya Mwenyekiti. Najua si desturi ya karani kusema sana mkutanoni, kwa kuwa kazi yake ni kuandika yaliyosemwa na wengine. Walakini limo jambo moja katika majalada ya chama ambalo naona si haki kulinyamazia. Mkutano huu ndio utakaoamua matumizi ya akiba yetu ya mwaka, na nikikaa kimya leo itanilazimu kukaa kimya mpaka mwaka ujao.

Mwaka juzi mama mmoja mjane wa mtaa wa Langoni alituandikia barua. Alisema kwamba maji ya mfereji wake hutoka asubuhi yakiwa na rangi ya kutu na ladha ya chuma, na kwamba ana wajukuu wadogo wanaoyanywa. Aliomba chama kimsaidie kubadili bomba. Mimi niliipokea barua ile, nikaipiga mhuri, nikaiandikisha katika daftari, kisha nikaiweka katika jalada, kwa sababu hapakuwa na fungu la fedha kwa jambo kama hilo. Sikumpelekea hata jibu. Mwaka huu nilipokuwa nikitayarisha taarifa yetu nikaikuta tena, nikaona haya. Nikaenda kwake pamoja na fundi wa bomba.

Fundi alipolifungua bomba alikuta chuma kilicholiwa na kutu, bilula kuukuu ya shaba ya manjano, na kiungo kimoja kilichozibwa kwa lehemu laini, nyeupe, iliyokwaruzika kwa ncha ya msumari. Alinionyesha akasema, "Bwana karani, kutu hii unaiona. Hii nyeupe ndiyo ya kuogopa. Hii ni risasi."

Wazee wangu, hapana haja ya kuwaeleza watu wa Lamu risasi ni kitu gani. Mvuvi huifunga chubwi ya risasi katika mshipi wake, na nahodha hupima kina cha maji kwa bildi. Ni madini mazito, laini, yayeyukayo kwa moto mdogo, tena hayashindwi na kutu upesi. Kwa sifa hizo Warumi wa kale waliifanya mabomba ya maji, na mataifa mengi ya Ulaya na Marekani yakafuata desturi hiyo mpaka karne ya 20. Marekani ilikataza mabomba mapya ya risasi mwaka 1986, lakini yale ya zamani yalibaki ardhini yakiendelea kupeleka maji majumbani.

Ubaya wa madini haya ni kwamba huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji, na mtu hawezi kuyatambua. Hayana rangi majini, wala harufu, wala ladha. Kuyachemsha maji hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke na risasi hubaki palepale. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 10 katika lita moja ya maji, na wataalamu wake wanasema kwamba hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mtoto huichukua mwilini zaidi kuliko mtu mzima, nayo hudhuru ubongo unaokua, ikamfanya mzito wa kujifunza na mwepesi wa hasira. Mama mja mzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Mwalimu atamwita mtoto huyo mvivu, na mzazi atamwadhibu, kumbe kosa limo ndani ya kikombe.

Sisemi kwamba mji wetu umejaa mabomba ya risasi tupu kama ile miji ya ng'ambo. Mabomba mengi tuyajuayo ni ya chuma kilichopakwa zinki, na siku hizi ya plastiki. Lakini risasi ina milango mingine. Imo katika lehemu ya zamani. Imo katika bilula na viungo vya shaba ya manjano vilivyo hafifu. Ile zinki ya mabomba ya kale nayo ilikuwa na risasi kidogo ndani yake, na mafundi wa zamani walikuwa wakiziba maungo kwa katani iliyopakwa rangi nyekundu ya risasi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 juu ya maji ya vijiji vya Ghana, Mali na Niger ulionyesha kwamba vifaa vya shaba vya pampu na mifereji viliingiza risasi katika maji, hata mahali ambapo hapakuwa na bomba moja la risasi.

Tena iko hatari iliyo karibu nasi zaidi. Maji ya mji huu hutoka katika visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga vinavyoyachuja na kuyatunza maji ya mvua. Visima vikitekwa kupita kiasi, na hasa wakati wa kiangazi, maji ya bahari husogea ndani na maji matamu hugeuka ya chumvi. Chumvi hula madini. Na ndugu zetu wa Pate, Faza na Siyu, wanaotegemea maji ya mvua katika majabia, wajue kwamba maji ya mvua ni laini, nayo pia huila risasi upesi yakilala katika kifaa kibovu usiku kucha.

Yaliyotokea katika mji wa Flint, Marekani, ni funzo kwetu. Mwezi wa Aprili 2014 wakuu wa mji ule waliacha maji waliyokuwa wakinunua kutoka Detroit, wakachukua ya Mto Flint ili kupunguza gharama. Maji ya mto yalikuwa na chumvi zaidi, wala hayakutiwa dawa ya kuyalinda mabomba. Mabomba yakaanza kuliwa, na risasi ikaingia majumbani. Akina mama walileta malalamiko na chupa za maji machafu, wakaambiwa maji ni salama. Mwezi wa Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwa hesabu kwamba risasi imezidi katika damu ya watoto, na mwezi uliofuata mji ukarudia maji ya zamani. Malalamiko yalikuwa yamefika kwa wakuu mapema sana. Nilipoyasoma hayo niliikumbuka barua niliyoipiga mhuri.

Mji mwingine wa huko, Newark, ulifanya vyema zaidi. Tangu mwaka 2019, kwa muda usiotimia miaka mitatu, walibadili mabomba ya risasi yapatayo 23,000 bila kumtoza mwenye nyumba chochote. Walifahamu mambo mawili. La kwanza, kubadili nusu ya bomba na kuacha nusu kunaweza kuzidisha risasi kwa muda, kwa kuwa lile la zamani hutikiswa na kukatwa. La pili, wenye nyumba wengi hawakai mjini, basi wakatunga sheria ya kuruhusu kazi ifanywe bila kungoja idhini yao. Nasi tunajua ni nyumba ngapi za Mkomani ambazo wenyewe wako Mombasa, Nairobi au Arabuni.

Na asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, moshi na maji machafu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu viliwadhuru watu, wakiwamo watoto, mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwezi wa Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea katika rufani miaka iliyofuata. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, haziwezi kumrudishia mtoto akili iliyopotea.

Najua baadhi ya wazee watasema: babu zetu walikunywa maji ya visima na ya birika, wakaishi umri mrefu. Ni kweli. Birika zao zilijengwa kwa mawe na chokaa, na ndani waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Walitumia maarifa ya zama zao kuyalinda maji yao. Lakini hawakuwa na bilula za shaba wala lehemu, na samaki wa birika hawezi kutuonyesha risasi. Yatupasa sisi nasi tutumie maarifa ya zama zetu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mambo matatu. La kwanza, akiba iliyokusudiwa kupaka rangi nyumba ya mkutano itumiwe kwanza kuchukua maji katika nyumba kongwe ishirini za wanachama, yale yaliyolala bombani usiku, yakapimwe Mombasa katika maabara ya Mkemia wa Serikali. La pili, nyumba itakayoonekana na risasi ibadiliwe bomba lote, viungo na bilula, kuanzia kwa wajane na wenye watoto wadogo. Na kwa sehemu iliyo barabarani, chama kiandikie kampuni ya maji ili kazi zifanywe pamoja. La tatu, mpaka siku hiyo, kila nyumba iyaache maji ya kwanza ya asubuhi yatoke, yatumike kuoshea ua, ndipo yakingwe ya kunywa na ya kupikia. Tena wanaoyeyusha betri kuukuu ili kupata chubwi wasifanye hivyo uani penye watoto.

Rangi ya nyumba yetu imechujuka, nakiri, na wageni wataiona. Lakini kuta zaweza kungoja mwaka mmoja. Mtoto wa miaka miwili hawezi kungoja, kwa kuwa ubongo wake unakua sasa.

Barua ya mama yule nimeitoa katika jalada, nayo iko mezani mbele ya Mwenyekiti. Naomba safari hii nimpelekee jibu.