Swali la Pili



Jioni moja hapa Mbuya, Kampala, kwa jirani yangu wa upande wa juu wa kilima, mgeni alifungua karatasi iliyokunjwa mara nne akamwaga mezani vijiwe vyekundu saba, kando ya birika la chai. Vimetoka Msumbiji, akasema. Jirani akauliza swali ambalo sote tungeuliza: "Hizi ni yakuti kweli?" Mgeni akaapa kwa Mungu. Nami nadhani hakusema uongo, na mtego upo hapo hapo.

Kampala tumeshazoea visa vya dhahabu inayogeuka shaba, kwa hiyo tunaogopa kitu bandia tu. Yakuti ina ujanja wake. Jiwe linaweza kuwa la kweli, limechimbwa ardhini, na bado lisifikie hata robo ya bei unayotajiwa.

Tuanze na moto. Yakuti nyingi zilizoko sokoni zimechomwa. Wachoma mawe huziingiza kwenye tanuri, mara nyingi kwa joto la nyuzi 1,600 na zaidi. Uzambarau unapungua, ukungu wa ndani unayeyuka, wekundu unachangamka. Huo si wizi, wafanyabiashara wa dunia nzima wanaujua. Kosa ni kuuficha, maana jiwe zuri lisiloguswa na moto huuzwa ghali kuliko mwenzake aliyechomwa, wakati mwingine mara kadhaa.

Kisha kuna kioo. Tangu miaka ya 2000, mawe yenye nyufa tele, ya kutupwa, yamekuwa yakijazwa kioo chenye madini ya risasi. Ufa unajificha, jiwe linang'aa. Shangazi yangu aliletewa pete ya namna hiyo. Aliivaa miaka miwili, hata kidole kilipomnenepa akaipeleka kwa sonara ipanuliwe. Fundi akawasha moto wake, akaulenga kwenye dhahabu, na mbele ya macho yetu jiwe likatoka jasho: kioo kilikuwa kinachuruzika. Lilipopoa lilikuwa na mistari myeupe kila upande, kama kisigino kilichokosa mafuta. Hata maji ya limau hula kioo hicho, na jikoni shangazi huyo haishi kukamua limau.

Basi omba lenzi, ile ya sonara inayokuza mara 10, uligeuzegeuze jiwe chini ya taa. Ukiona mmeto wa buluu ukipita kwenye ufa, au viputo vya mviringo vilivyonaswa humo, rudisha jiwe kwenye karatasi yake. Lililo safi kupita kiasi nalo litilie shaka. Mfaransa Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza yakuti mwaka 1902, na ya kwake hujulikana kwa michirizi ya ndani iliyopinda, wakati ya ardhini hunyooka.

Wala usihadaike na uzito. Aprili 2022, Dubai ilionyeshwa jiwe ghafi lililosemekana limetoka Tanzania. Likatangazwa kuwa na kilo 2.8, karati 8,400, thamani yake dola milioni 120. Chukua kalamu. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo kilo moja ni karati 5,000, na kilo 2.8 ni karati 14,000. Hesabu imegoma hata bei hatujaigusa! Mwaka uliofuata, mnadani New York, yakuti ya Msumbiji iitwayo Estrela de Fura ilinunuliwa kwa dola milioni 34.8. Uzito wake ni karati 55.22, kama gramu 11 tu. Na kule Longido, Tanzania, kuna mwamba wa kijani wenye mabaka ya yakuti, nao huchongwa vinyago vya kupamba sebule. Yakuti ile nayo ni ya kweli.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla hujafungua pochi, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti: limechomwa au halijachomwa, limejazwa kioo au halijajazwa. Akuonyeshe leseni, maana sheria ya madini ya Uganda ya mwaka 2022 haimruhusu kila mtu kuuza madini. Na kama fedha ni nyingi, jiwe litangulie maabara yenye jina, kama GIA ya Marekani au Gübelin ya Uswisi, malipo yafuate. Cheti nacho kilinganishwe na jiwe lenyewe, uzito kwa uzito, kipimo kwa kipimo.

Jioni ile jirani yangu hakuwa na lenzi. Alimimina chai ya pili, akauliza swali la pili: "Sawa, ni yakuti. Zimefanywa nini?" Mgeni akakoroga sukari muda mrefu. Kisha akasema, "Tano zimechomwa. Hizi mbili, mzee, sijui."

Bei ikaanza kushuka, na hakuna aliyekuwa ameomba apunguziwe.