Mlio wa Moto Wakati wa Baridi

Wewe uliye Limuru, Kinangop au Molo huhitaji kuelezwa habari za mwezi wa Julai. Jioni ukungu ukishuka, nyumba nzima huhamia jikoni, na penye meko hata aliyekuja amenuna huanza kuongea. Tumezoea kusema ni joto. Ni kweli, lakini masikio nayo yana sehemu yake.

Mwaka wa 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Marekani, Christopher Lynn, alichapisha matokeo ya uchunguzi aliowafanyia watu wazima 226. Walitazama moto kwenye video tu, wakapimwa presha. Waliosikia na kuni zikitatarika, presha yao ilielekea kushuka, na kadiri walivyokaa ndivyo ilivyozidi kushuka. Sauti ilipozimwa, nafuu hiyo haikuonekana. Joto halikuwepo kabisa!

Mlio huo unatoka wapi? Ndani ya ukuni mna maji na utomvu. Moto ukifika, hugeuka mvuke na gesi, zikakosa njia, zikapasua ukuni. Makaa yalikwisha kupoteza vitu hivyo yalipochomwa, ndiyo maana jiko la makaa hukaa kimya.

Na hapa ndipo nakuomba utege sikio. Moshi wa kuni ni mbaya kwa mapafu, lakini angalau utakutoa machozi na kukukohoza hadi utoke nje. Makaa yaliyokolea hayana moshi, nayo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa na kichwa, akahisi kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu wa shamba, akalala. Wengine hawaamki.

Basi ota moto jikoni, dirisha likiwa wazi. Jiko lisiingie chumba cha kulala, hata kama yamebaki makaa mawili matatu, na hata kama mtoto analia baridi, mwongeze blanketi. Ukiutamani ule mlio kitandani, siku hizi unapatikana kwenye simu, na simu haitoi moshi. Mwenye kumeza dawa za presha asiziache kwa sababu ya mlio wa kuni.

Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua milango, mtoe nje upesi kwenye hewa safi, nawe usikawie humo ndani. Mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu. Ukifika, mwambie daktari kwamba palikuwa na jiko la makaa, kwa maana dalili zake hufanana sana na za homa ya kawaida.