Joka la karatasi

Jumamosi iliyopita binti yangu, aliye kidato cha pili, alirudi kutoka kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake akiwa na joka mkononi. Joka lenyewe si mchezo: kichwa begani, mkia kwenye kiwiko, magamba ya kijani, ndevu, makucha na mawimbi ya bahari. Mama mkwe wangu, ambaye yuko kwetu kwa matibabu ya macho, alipiga ukelele: "Jamani, mmemwacha mtoto akachanjwe!" Ikabidi nimshike binti mkono na kumwonyesha bibi yake sehemu ya mkia iliyokwisha kuanza kubanduka. Lilikuwa joka la karatasi.

Nyumba nzima ilicheka. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu joka la namna hiyo nalifahamu, na liliwahi kunitia aibu.

Mwaka 2019 nilikuwa Tokyo kwa mafunzo ya wiki sita ya watangazaji wa nchi mbalimbali. Mwenzangu wa karibu alikuwa bwana mmoja wa Mombasa, maana tuliozungumza Kiswahili tulikuwa wawili tu. Jumapili moja tulikwenda Asakusa, mtaa wenye hekalu kubwa na vibanda vingi vya zawadi, naye akanunua pakiti ya michoro ya kubandika. Ufundi wake ni mwepesi. Picha huchapwa kinyumenyume kwenye karatasi na kutiwa gundi. Unaiweka juu ya ngozi, unalowesha mgongo wa karatasi, unahesabu mpaka thelathini, unavuta, picha inabaki. Hukaa siku kadhaa, pengine wiki. (Na kwa ngozi ina nafuu kuliko ile hina nyeusi iliyochanganywa na dawa ya nywele, ambayo imewababua wengi.)

Jioni tukaenda kwenye bafu la umma, lile la maji ya moto ambako watu huvua nguo zote, hujisugua kwanza, kisha hukaa majini pamoja. Mzee wa mlangoni, mtu wa adabu sana, aliona mkono wa mwenzangu, akapishanisha mikono yake kifuani kama herufi X. Hapana. Mwenzangu akasema ni karatasi, akaikwaruza kwa ukucha. Mzee akainama, akaomba radhi, akakataa. Kisha akaleta kiraka cha kubandika, cha kuficha michoro, kilichotengenezwa kwa rangi ya ngozi. Ya ngozi ya nani, sijui, maana kwenye mkono wa mwenzangu kiling'aa kama bandeji! Na hata hivyo joka lilikuwa refu kuliko kiraka.

"Kwetu bibi harusi huchorwa hina mpaka magotini," mwenzangu aliniambia, "na hakuna amfukuzaye."

Akaketi kwenye benchi la nje. Mimi nilikuwa nimekwisha kulipia tikiti kwenye mashine. Nikaingia. Nilikaa majini karibu saa nzima.

Baadaye, kwa kuona haya, nilianza kuuliza na kusoma. Michoro hii ya Kijapani, iitwayo irezumi, ina historia yenye mambo mawili yanayopingana. Kuanzia mwaka 1720 serikali ya huko iliwatia wahalifu alama za wino ili wajulikane popote waendapo. Lakini watu wa kawaida wa mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, nao walijichora kwa hiari: wazima moto, mafundi, wabeba mizigo. Mwaka 1827 hivi, mchoraji Utagawa Kuniyoshi alianza kuchapa kwa vibao vya mbao picha za mashujaa wa hadithi moja ya kale ya Kichina, baadhi yao wakiwa na majoka na maua mgongoni. Vijana wakazipenda, wakataka miili yao iwe hivyo.

Nayo haikuwa kazi ya kuhesabu mpaka thelathini. Fundi hushika kijiti kilichofungwa sindano nyingi na kuchoma kwa mkono, kidogo kidogo. Mwili mzima huchukua miaka. Kila kitu kina mahali pake: samaki wa koi anapanda maporomoko ya maji kwa sababu masimulizi husema akifika juu hugeuka joka. Ukimkata samaki ukamwacha bila maji, kama wafanyavyo wachapaji wengi wa karatasi, umemwacha na safari isiyo na njia.

Mwaka 1872 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kazi hiyo, ikiogopa Wazungu wasiwaone Wajapani kuwa washenzi. Na Wazungu hao je? Mwaka 1881 mwana wa mfalme George wa Uingereza, aliyekuja kuwa Mfalme George wa Tano, alifika Japani akarudi na joka mkononi! Marufuku iliondolewa mwaka 1948, lakini kufikia hapo michoro ilikwisha kunasibishwa na magenge ya wahalifu, wale yakuza.

Hapo ndipo yalipotoka mabango ya mabafu. Mwenye bafu hathubutu kumwambia mtu "wewe ni jambazi", basi humwambia "mchoro wako hauruhusiwi". Namwelewa, ana wateja wa kulinda. Lakini bango hilo linamkamata nani? Mwaka 2013 lilimkamata mama wa Kimaori wa New Zealand, mwenye alama za heshima za ukoo wake usoni. Mwaka ule ule nilipokuwa huko, wachezaji wa raga wa Samoa, waliokuja kwa Kombe la Dunia, walivaa mikono ya kitambaa ili waogelee bila kuwaudhi wenyeji. Na jambazi asiye na doa mwilini huingia, akakaribishwa kwa kuinamiwa. Mwaka 2015 idara ya utalii ya Japani iliuliza mabafu na hoteli; kati ya takriban 600 zilizojibu, asilimia 56 zilisema hukataa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba mchoraji hahitaji leseni ya udaktari. Hilo limewasaidia mafundi. Bango la mlangoni ni jambo jingine.

Binti yangu nilimweleza haya yote, akasikiliza kwa nusu sikio, akauliza kama joka litadumu hadi Jumatatu. Nikamwambia shuleni litoke. Akauliza kwa nini, ikiwa ni karatasi. Sikuwa na jibu zuri kuliko la yule mzee.

Kesho yake kule Tokyo, mwenzangu alisugua mkono kwa mafuta ya kupikia mpaka joka likatoka lote. Jioni akarudi kwenye bafu lile lile, akapokewa vizuri. Alinialika. Nilimwambia nina kazi ya kuandika.